Ubeti wa Mwisho wa Breki

Mwalimu wa udereva hufanya kazi kwa mguu mmoja. Iliyobaki anaifanya kwa mdomo. Gari la kufundishia lina breki ya pili upande wa mwalimu, na bwana huyu aliikanyaga kwa miaka mingi, hata kiatu chake cha kulia kikawa kinaisha soli mapema kuliko mwenzake. Wanafunzi wakamwita Breki. Jina likatoka garini likaingia mtaani, likafika nyumbani, na mwishowe hata mkewe akawa analitumia, hasa akiwa na jambo la kumtania.

Yeye mwenyewe hakulichukia. Alilifanya lakabu yake, kwa sababu Breki alikuwa mtunzi wa mashairi. Alitungia garini. Mwanafunzi anahangaika na klachi, mwalimu anahesabu mizani kwa vidole juu ya goti: nane, anapumua, nane tena. Wanafunzi waliviona vidole vile wakadhani anahesabu makosa yao, wakazidi kutoka jasho. Mmoja alisimamisha gari katikati ya barabara, magari mengine yanampigia honi, akamwomba mwalimu amwambie tu kama amefeli ili roho yake itulie. Mwalimu wala hakuwa na habari naye. Alikuwa amekwama kwenye kina.

Mashairi hayo aliyapeleka kwenye jarida moja dogo. Nalo lilikuwa dogo kweli: kurasa chache zilizobanwa kwa pini, mashairi na hadithi fupi, likitoka kila wahariri walipopata karatasi. Mkewe, aliyekuwa karani wa shule, ndiye aliyempigia chapa. Breki aliyasoma masharti ya jarida kama asomavyo sheria za barabarani, kwa kidole, neno kwa neno. Kazi iwe haijawahi kuchapwa popote. Jina la mwandishi liandikwe kwenye karatasi ya pembeni, lisionekane popote ndani ya kazi. Alifanya hivyo hivyo, akatia bahasha, akapeleka, akangoja.

Jibu lilikuja lile lile kila mara, hata herufi hazikubadilika: asante kwa kutuletea kazi yako, tunasikitika haijakidhi masharti yetu. Mtu mwingine angekata tamaa akaenda kufuga kuku. Breki alirudi garini akatunga jingine.

Msomaji atajiuliza kilichokuwa kinamsukuma. Kilikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, kimekaa kwenye kiti karibu na mlango, kimeshika fimbo.

Baba yake alikuwa mwashi. Nyumba nyingi za upande ule wa mji zilisimama kwa mkono wake, na alipokuwa na macho yake aliweza kupita mbele ya ukuta wa mtu akautukana kwa kuuangalia mara moja tu. Sasa macho yalikuwa yamezimika, akabaki na masikio, na masikio hayo yalikuwa makali kuliko yale macho. Naye alikuwa mtunzi, wa mdomo, hajawahi kuandika mstari. Breki alipokuwa mtoto alimfuata baba yake kazini kila shule ilipofungwa. Alichota maji, akapitisha matofali, na zaidi ya yote alishika kamba: baba upande mmoja wa ukuta, mtoto upande wa pili, kamba katikati imevutwa, na tofali hupangwa kwa kuifuata. Mzee alitegemea mwiko wake ungepata mrithi. Kijana alipopata akili zake akakimbilia magari.

Mzee hakumsamehe. Hakumfukuza, hakumnunia, walikula pamoja na kucheka pamoja, lakini tangu siku hiyo kila alichokifanya mwanawe kilikuwa kimepinda mahali. Breki akimsomea shairi, ubeti wa kwanza mzee anauacha upite. Ubeti wa pili ukianza tu, fimbo inagonga sakafu. Hapo pamelegea. Hapo kina umekiazima. Hapo umejaza neno kama mtu anayeziba ufa kwa karatasi. Basi wanaanza kubishana, na shairi linafia hapo hapo, ubeti wa tatu haujaonja hewa.

Breki alikuwa mtu mzima, ana mvi, watoto wake wameoa na kuolewa. Bado alichokitaka kuliko vyote ni baba yake alisikilize shairi lake moja, moja tu, mpaka mwisho. Alijiambia kwamba likichapwa mzee hatakuwa na la kusema, maana kilichochapwa kimeshakauka kama saruji, huwezi kukigonga kwa fimbo. Alimwambia mkewe jambo hili mara moja, kwa mzaha, na mkewe akacheka naye kwa heshima ya ndoa yao. Lakini alijua kwamba haukuwa mzaha.

Kilichofuata hakikuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote. Mkewe, kwa kupiga chapa kazi za mumewe miaka yote ile, alishawishika akaandika hadithi fupi yake mwenyewe, ya mwalimu mkuu aliyepoteza kengele ya shule na hataki mtu ajue. Alikata maneno mpaka ikaingia kwenye urefu unaotakiwa, akaituma bila kumwambia mtu. Ikakubaliwa.

Breki alimpongeza. Alimpongeza asubuhi, akampongeza mchana kwa simu, akampongeza tena jioni wakati wa kula, na hapo ndipo mkewe alipojua mumewe ameumia. Hakumgusa kidonda. Alimwomba tu amsindikize kwenye ofisi za jarida kuchukua nakala zake, naye akakubali, akampeleka kwa gari la shule ya udereva, mwanafunzi wa siku ile akiwa kwenye usukani: muuguzi mmoja aliyeogopa kona kuliko maradhi. Mkewe alikaa nyuma ameshika kiti kwa mikono miwili.

Ofisi zenyewe zilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mabomba, ngazi nzima inanuka gundi. Ndani, meza mbili, mashine ya kuchapia iliyofunikwa kanga, na mhariri, mama wa makamo aliyekuwa akitafuta miwani yake huku ameivaa kichwani. Alimshika mwandishi mpya mkono, akamsifia ile kengele, akamuuliza kama ana nyingine. Mkewe Breki, kwa adabu, akageuka kumtambulisha mwenzake.

"Huyu ni mume wangu. Wanafunzi wake wanamwita Breki."

Mhariri akaweka kalamu chini. "Breki? Breki wa mashairi?"

Breki alinyoosha kola. Kwa dakika ile alisahau majibu yote aliyowahi kupata. Kichwa kilimvimba, akajiona tayari ameketi kwenye kurasa za katikati. Akasema kwa unyenyekevu wa uongo kwamba ndiye, ingawa hakujua kama anajulikana.

"Hapa tunakujua wote," mhariri alisema. "Na hilo ndilo tatizo letu na wewe."

Akamweleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni njia. Zamani walilaumiwa kwamba wanachapa kazi za marafiki zao, wakaamua kazi zote zisomwe bila mwenyewe kujulikana. Wasomaji ni watatu, kila mmoja kwake, hawaambiwi chochote. Kazi yoyote inayomtaja mwenyewe inatolewa kabla haijafika kwao. Sasa mashairi ya Breki, kila moja, yalipofika kwenye ubeti wa mwisho, yalijitangaza: *Kaditama nimefika, Breki nimetia nanga.* Mhariri alikuwa amefika mahali pa kuanza kuyasoma kutoka mwisho, akiomba Mungu safari hii nanga isiwepo. Nayo ilikuwepo.

Breki alijitetea. Jina lake aliliandika kwenye karatasi ya pembeni, kama masharti yalivyotaka. Lile la ndani halikuwa jina la kwenye kazi, ulikuwa ubeti. Shairi lisilomtaja mtunzi wake mwishoni halijakamilika, kila mtu anajua. Mkewe akamuunga mkono, maana yeye aliyapiga chapa yote na kamwe hakuliona kosa. Mhariri alikubali kwa kichwa. Alisema hata babu yake alitunga hivyo hivyo, na yeye binafsi ilimuuma kila mara. Lakini sharti ni sharti.

"Kwa hiyo yote yale," Breki alisema, "hayakuwa mabaya?"

"Sijui, ndugu yangu. Hakuna lililosomwa."

Hapo alihitaji kukaa, na hapakuwa na kiti cha tatu. Akauliza kama anaweza kuutoa ubeti ule, kisha likikubaliwa aurudishe. Mhariri akatikisa kichwa: wanachokipitisha wasomaji ndicho kinachochapwa, hakiongezwi neno. Jina lake litawekwa juu, kwa herufi nene, mtu asikose kuliona. Breki akasema jina hukaa chini. Mhariri akasema kwao hukaa juu. Njiani kurudi, yule muuguzi alikata kona vizuri kwa mara ya kwanza maishani mwake, akageuka kutafuta sifa, akamkuta mwalimu wake anaangalia dirishani.

Ukimwona mtu anasononeka kwa ajili ya mistari minne unaweza kumcheka. Lakini ubeti ule ulikuwa na historia nyumbani kwao. Ujanani, mzee alimpa mpiga gitaa mmoja shairi lake, bure, kwa mapenzi tu, na halikuwa na jina ndani. Baadaye akiwa juu ya jukwaa la ujenzi, redio ya fundi mwenzake ikaanza kuliimba, na mtangazaji akamtaja mtunzi: yule mpiga gitaa. Mzee alishuka. Siku ile hakujenga tena. Tangu hapo akawa anafunga kila shairi kwa jina lake, na alimfundisha mwanawe hivyo kabla hata hajamfundisha vina. Shairi bila jina, alisema, ni mzigo uliodondoka barabarani. Atakayeokota ndiye mwenyewe. Kuukata ule ubeti, kwa Breki, kulikuwa sawa na kumwambia baba yake kwamba hata hilo moja alilolishika, ameliacha.

Alikaa muda mrefu bila kupeleka kitu. Mkewe alipouliza alisema wanafunzi wamekuwa wengi, jambo ambalo halikuwa kweli.

Kisha shairi likamjia. Halikuwa la magari. Yeye na mwanafunzi walikuwa wamesimama kwenye taa za barabarani, mbele yao kuna nyumba inajengwa, na fundi mmoja alikuwa akimpigia kelele msaidizi wake akaze kamba. Taa ikawaka kijani, mwanafunzi akasubiri ruhusa, na mwalimu hakutoa ruhusa mpaka magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Alilitunga siku nyingi, polepole, mwanafunzi mmoja baada ya mwingine. Lilianza hivi:

*Fundi yuko kule mwisho, mimi huku nimeshika,*
*Kamba haina vitisho, huvutwa ikanyooka,*
*Usoni latona jasho, wala sithubutu choka,*
*Ukuta huu wa kesho, ni kwa kamba wainuka.*

Hakumsomea baba yake. Aliogopa fimbo. Mashairi mengine yakivunjwa kwenye ubeti wa pili aliumia kidogo akaendelea na maisha. Hili lingevunjwa, asingetunga tena, na alilijua hilo kama anavyojua njia ya kwenda kazini.

Siku ya kulipiga chapa alikaa pembeni ya mkewe akimtamkia. Walifika kwenye ubeti wa kabla ya mwisho. Mkewe akashusha mstari, akaweka vidole tayari kwa ile kaditama aliyoizoea. Breki akamzuia kwa mkono.

"Ishia hapo," alisema.

Mkewe hakumuuliza kama ana uhakika. Alizima mashine, akaenda kuwasha jiko, na alipokuwa jikoni alifuta macho yake kwa upindo wa nguo. Breki alibaki akiangalia karatasi ilivyo nyeupe pale chini. Aliona aibu, hasa, kama mtu aliyetoka nje bila shati.

Lilikubaliwa. Wasomaji wote watatu walilipitisha, na mmoja aliandika pembeni kwamba mtunzi bila shaka ni fundi ujenzi. Nakala zilipofika, Breki aliifungua yake ndani ya gari, peke yake, injini imezimwa. Jina lilikuwa juu kama alivyoahidiwa, herufi nene, jina lake la kuzaliwa, lile ambalo hakuna mwanafunzi aliyelijua. Alifurahi. Alifurahi sana, tusimwonee. Kisha akalisoma mpaka chini, akakuta limeisha ghafla, akawa kama mtu anayepanda ngazi gizani akadhani kuna kidato kimoja zaidi.

Jumapili mchana, mzee alikuwa kwenye kiti chake. Kila Jumapili mkwewe, mke wa Breki, alimsomea chochote kilichokuwepo, gazeti, barua za ndugu, hata maelezo ya dawa, mradi kiwe kimeandikwa. Siku hiyo alichukua jarida. Breki alikuwa amemwomba jambo moja tu: asimtaje mtunzi. Hakutaka kumtega baba yake. Alitaka alisikie lote, na alijua jina likitajwa fimbo itaamka. Yeye alikaa kizingitini anafumua kamba za kiatu kile kilichokwisha soli, ambacho hakikuwa na haja ya kufumuliwa.

Mkewe alisoma kwanza hadithi ya kengele, mzee akacheka, akampa hongera zake. Kisha akasema kuna shairi hapa, baba, nikusomee? Mzee akasema soma, ingawa watunzi wa siku hizi hawajui mizani.

Ubeti wa kwanza ulipita. Wa pili ukaanza, na Breki akaacha kufumua kamba. Fimbo haikugonga. Wa tatu, ambapo mtoto anabadilisha mkono kwa siri ili fundi asijue amechoka, mzee aliinamisha kichwa. Wa nne, wa tano. Alikuwa ameilaza fimbo mapajani, na vidole vyake vilihesabu, nane, nane, kisha vikaacha kuhesabu. Mkewe Breki alifika mwisho akashusha jarida.

"Endelea," mzee alisema.

"Limeisha, baba."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Hakujitaja."

Breki alingoja kusikia habari ya mzigo uliodondoka barabarani. Mzee alijifuta mdomo kwa kiganja, akaomba asomewe tena ule ubeti wa kubadilisha mkono. Akasomewa.

"Huyu hakuambiwa na mtu," alisema. "Huyu alishika kamba. Mwenye kushika kamba hubadilisha mkono hivyo hivyo, anadhani fundi haoni. Fundi anaona." Akavuta pumzi. "Huyo fundi wake alibahatika. Mimi wangu alikimbilia magari."

Mkewe alimtazama Breki. Kwa kweli Breki angeweza kunyamaza, shairi likabaki la mtu mwingine na sifa zake zikabaki kamili; wazo hilo lilimpita kichwani. Lakini alikuwa amekwisha simama, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Fundi wake ni wewe, baba."

Mzee aligeuza uso upande wa sauti. Mkono wake ulitafuta fimbo, ukaipata, haukufanya nayo kitu.

"Lako?"

"Langu."

"Mbona sikukujua?"

"Nilitoa jina. Walitaka hivyo, kule jaridani."

"Sikuulizi jina," mzee alisema. "Mimi ni baba yako. Umesomwa mbele yangu kuanzia juu mpaka chini. Mbona sikukujua?"

Breki alikwenda akakaa sakafuni karibu na kiti, mkewe akaweka jarida mezani bila kulifunga. Baada ya muda mzee aliuliza kama mwenyewe anaweza kulisoma, kwa sauti yake, na Breki akalichukua akaanza tena juu kabisa.